Bandama la Farasi

"Shika ndoo, Wepukhulu. Shika vizuri!"

Daktari alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya farasi aliyekufa alfajiri, akachomoa bandama, jeusi, refu kama ulimi wa ng'ombe. Akalitia ndooni akitabasamu. Kwa Mzungu huyu, farasi akifa ilikuwa sikukuu.

Walirudi kibandani, Daktari mbele, Wepukhulu nyuma. Kibanda kilikuwa cha mabati, dirisha moja, harufu ya damu na chumvi. Tangu mwaka wa 1943 uanze, Wepukhulu alikuwa akishinda humo. Daktari akienda mtoni, Wepukhulu nyuma. Daktari akienda chooni, Wepukhulu mlangoni. Kila asubuhi lori liliwaleta shambani hapa, upande wa Chepkoilel. Kila saa kumi na mbili jioni lilikuja kuwachukua wote wawili. Amri ilikuwa moja: Daktari asiachwe peke yake, hata dakika moja. Pale zilipoishia nyayo za Mzungu ndipo dunia ya Wepukhulu ilipoishia.

"Wewe umeolewa, bwana," Kimeli, mtunza farasi, alikuwa akimcheka. "Bado tu kumpikia."

Kazi yenyewe Wepukhulu aliijua sasa kwa kuitazama. Bandama linasagwa, linapashwa moto kwenye maji, linachujwa, maji yake ya kahawia yanatiwa chumvi. Kisha tone moja linawekwa juu ya kioo, na Daktari anainamia hadubini kungoja fuwele, zile punje zinazong'aa. Fuwele hazikuwa zimekuja hata mara moja.

"Hii protini ya bandama naweka chuma," Daktari alimweleza siku moja, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Chuma huru ndani ya mwili ni sumu. Basi mwili najenga nyumba ndogo, duara, nafungia chuma ndani."

"Na hakitoroki?"

"Hapana toroka. Lakini mwili ikitaka damu, chuma natoka. Natokea wapi? Mimi nataka kujua mlango iko wapi."

"Ukiupata uniambie," Wepukhulu alisema. "Hata mimi nautafuta."

Saa nane mchana Kimeli alikuja mbio. Safari hii hakuwa na mzaha usoni.

"Nangila yuko hospitali mjini. Wamemleta jana kutoka Ainabkoi kwa gari la ng'ombe. Amejifungua, lakini damu inamwagika tu. Anakuita. Nenda, ndugu yangu, usije ukamkuta ameshalala."

Nangila, mke wake. Mimba yake ya kwanza. Hospitali ilikuwa maili tano kutoka pale, na Wepukhulu alisimama katikati ya kibanda kama mti uliopandwa.

"Nenda," Daktari alisema, jicho bado kwenye hadubini.

"Siwezi."

"Mimi nasema nenda."

"Wewe kusema haitoshi, Daktari. Unajua haitoshi."

Daktari akainua uso. "Leo tone nakaa tofauti. Leo fuwele nakuja. Miaka sita mimi nangoja, kwetu Ulaya na hapa. Wewe nadhani mimi naweza kuacha hiki kiti?"

Wepukhulu alimtazama. Mwenye shamba alipita kila jioni juu ya kilima akiwa juu ya farasi wake, na macho yake hayakukosa kitu. Akikuta mlango hauna mtu, au lori likija likakuta mtu mmoja badala ya wawili, Wepukhulu angelala amefungwa minyororo, na kesho yake ni viboko. Lakini Nangila alikuwa anakufa peke yake katikati ya watu asiowajua.

Akavua koti na kofia ambavyo kila mtu alivijua kwa mbali. Akaacha pale kila kitu cha kazi, akapenya kwenye miti ya miwati.

Alikimbia kama mwizi. Kila gari lilipovuma barabarani, alijitupa mtaroni. Aliingia wodini akihema, matope hadi magotini, na Jemutai, nesi wa zamu, akamnyooshea vidole kumi: dakika kumi tu.

Nangila alikuwa na rangi ya majivu. Lakini damu ilikuwa imekoma, na pembeni yake mtoto wa kike alikuwa amelala amekunja ngumi.

"Umetoroka?" Nangila alinong'ona.

"Nimeruhusiwa."

"Na nani?"

Wepukhulu aligusa kisigino cha mtoto, kidogo kama punje ya hindi bichi, akageuka, akaanza tena mbio.

Jua lilikuwa limeshika vilele vya miti alipofika ukingoni mwa shamba. Kimeli alikuwa akimngoja, amejishika kichwa.

"Mwenye shamba amepita pale juu. Amesimamisha farasi, ametazama kibanda muda mrefu!"

"Akafanya nini?"

"Akaenda zake. Mimi mwenyewe sielewi."

Wepukhulu alinyemelea nyuma ya kibanda, akachungulia dirishani. Hadubini ilikuwa mezani. Kiti kilikuwa kitupu. Tone lilikuwa limekaukia juu ya kioo, bila mtu wa kulitazama.

Mbali, upande wa mjini, lori lilianza kunguruma likipanda kilima. Miezi yote hiyo hakumwacha Daktari hata dakika, na leo, kwa saa nne tu, amekwisha. Alijikokota akishika mabati, akazunguka hadi mbele.

Mlangoni Daktari alikuwa amesimama wima, koti la Wepukhulu mwilini, kofia imevutwa hadi machoni, bunduki ya Wepukhulu begani. Akaiteremsha, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mfungwa wako wa vita hapana toroka, askari," alisema. "Mimi nimemlinda."