Sauti ya Ukutani

Siku hizo kila jengo jipya lilizungumza kwa sauti ya mhandisi aliyeliidhinisha. Asubuhi na jioni kuta zilitamka alichotilia saini, neno kwa neno, na wakazi wakatulia.

Tumsifu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi, alikuwa ameidhinisha jengo moja tu, akiwa mafunzoni mjini Moshi. Nguzo za chini hakuzipima. Msimamizi wa mafunzo, aliyemwachia saini, alimharakisha, naye akajaza fomu kwa kukisia. Mama yake aliposikia sauti ya bintiye ukutani, akahamia humo kwa furaha.

Jioni moja Tumsifu alikwenda kumtembelea. Chini aliona nguzo ina ufa unaopitisha kidole. Akapanda ngazi mbio.

"Mama, tutoke. Sasa hivi!"

"Kulikoni? Si umeniambia asubuhi nguzo ni imara?"

"Sikuwa mimi, mama. Ni ukuta."

Hapo ukuta ukasema kwa uchangamfu, "Nguzo zote nimezipima mwenyewe."

Mama akamtazama bintiye mdomoni. Ulikuwa umefumbwa.

"Sikuzipima," Tumsifu akanong'ona. "Nilidanganya."

Mama alichukua khanga yake, akatoka. Tumsifu aligonga kila mlango akikiri hivyo hivyo, kisha akajiripoti kwenye bodi ya wahandisi. Jengo likafungwa kabla halijamdhuru mtu, naye akafukuzwa chuo.

Sasa wanaishi pamoja katika nyumba ya zamani isiyosema lolote. Tumsifu akisema chakula kimeiva, mama huitikia kwa upole, "Asante, mwanangu." Kisha hufunua sufuria, akachungulia.