Mdogo Wangu

Hope alianguka kwenye kokoto za langoni, goti likachubuka, akalia kilio kilichowatoa watu maabarani.

"Dada! Dada Kahaso!"

Kahaso alimkimbilia, akamfuta damu kwa ncha ya leso. Ilikuwa siku ya wageni kituoni, na wenzake wa kazi wakamsifu kwamba mdogo wake anampenda kweli. Akatabasamu, lakini aliona haya. Mtoto wa miaka minne, damu inamchuruzika, na bado anakumbuka alivyofundishwa kuita.

Maana Hope hakuwa mdogo wake. Alikuwa mwanawe, wa kumzaa mwenyewe.

Uongo ulianzia kwenye usaili wa kazi, mwaka juzi. Kituo hicho cha Mnarani huchunguza nyasi za baharini, na nyasi hazionekani vizuri ila maji yakipwa. Mzee mmoja wa jopo alisema kwa kicheko kwamba maji hayamngoji mtu amalize kunyonyesha. Wanawake wawili waliomtangulia Kahaso walikiri kuwa wana watoto, wakaambiwa watapigiwa simu. Simu yenyewe mpaka leo. Kahaso alipoulizwa, alijibu kwamba hana. Dkt. Ruwaida, mwanamke pekee pale mezani, aliinamia karatasi zake asimtazame.

Sasa Daktari huyo ndiye mkuu wa kituo. Hana mume wala mtoto, na watu husema ameolewa na utafiti. Aliye naye ni mdogo wake, Sumeiya, kitindamimba wa kwao Takaungu, aliyemsomesha mwenyewe. Kila adhuhuri Sumeiya humletea chakula.

Kahaso alimwacha Hope kwa Kavata wa mapokezi, akapanda ngazi. Alijua mkataba wake mpya uko juu ya meza ya Daktari, unangoja sahihi. Alijua pia kwamba aliyedanganya kwenye usaili hufukuzwa, na nyasi alizozifuatilia miaka miwili wangepewa wengine. Aliingia.

"Shikamoo, Daktari. Yule aliyeanguka si mdogo wangu. Nimemzaa mimi, nikamkana nipate kazi hii. Naona aibu hata kumtazama."

Daktari akauvuta mkataba, akautia sahihi.

"Ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Basi mwambie leo hii akuite mama. Wa miaka minne atasahau." Akafunika kalamu yake polepole. "Wangu ana ishirini na saba."

Mlango ukafunguliwa. Sumeiya akachungulia, kikapu mkononi.

"Dada," alisema, "wali unapoa."