Mchele Umezidi kwa Nibha

Jina la Nibha Maity lilikatwa kwa kalamu nyekundu huku mwenyewe akitazama, na aliyelikata alikuwa bado anatafuna bisi zake.

Bisi za mchele, si za mahindi. Kwa miaka thelathini na minane Nibha alikuwa akizikaanga kwenye chungu cha mchanga wa moto, akizichanganya na dengu na kuziuza kwa bei ambayo hata mwendesha riksho hakuinung'unikia. Nusu ya watoto wa shule ya jirani hawakuwa na kifungua kinywa kingine. Siku hizi bisi za mashine zilikuwa zimeingia mjini, nyeupe kama chaki na tamu kama chaki, na majiko ya nyumbani yalikuwa yanakufa moja moja.

Ndiyo maana Jasleen Walia alitumwa. Ofisi yake ilikuwa na mchele wa kugawa bure, magunia ya mwaka mzima, kwa wakaangaji wa nyumbani waliopungukiwa. Orodha ilikuwa inafungwa saa sita mchana siku hiyo hiyo. Jasleen alikulia Chandigarh, mbali na kwetu, lakini alikuwa amejifunza Kibengali kitabuni kwa miezi sita, na sarufi yake ilikuwa safi kuliko ya wengi wetu.

Nibha ndiye ambaye Jasleen alitaka kumwandika kuliko wote. Watu watatu walikuwa wamemwambia kwamba bisi za Nibha ndizo bisi, hizo nyingine ni kelele za mdomoni tu.

Basi alivua viatu, akavuka kwa uangalifu nyayo ndogo za Lakshmi, mungu wa kike wa neema na nafaka, zilizochorwa kizingitini zikielekea ndani, maana neema huombwa iingie, haiombwi itoke. Akaketi mkekani. Jiko lilikuwa baridi. Nibha alikung'uta mkebe, akamletea bakuli la bisi zenye vitunguu, pilipili na mafuta ya haradali.

"Kula, mwanangu. Umekonda hivyo, ofisi yenu haina jiko?"

"Ina mashine ya chai, mama."

"Aa. Ndiyo maana."

Jasleen alikula. Zilikuwa tamu kweli, na akaona uchungu kufikiri kwamba mwakani huenda zisiwepo.

"Leo hukaangi, mama?"

"Leo mchanga umepumzika."

"Na mchele je?"

Nibha alivuta upindo wa sari kichwani, akatupia jicho kizingitini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mchele umezidi."

"Umezidi kweli?"

"Tangu Jumanne."

Jasleen akaweka bakuli chini. Alimweleza upya, polepole, kwamba magunia ni ya waliopungukiwa, na kupungukiwa si aibu. Mtu akisema tu hali yake, anaandikwa.

"Sema tu, mama. Neno moja linatosha."

"Nimeshasema."

"Umesema umezidi."

"Ndiyo, umezidi. Hata ule wa kuloweka kwa ajili ya kesho, nao umezidi."

Jasleen alikasirika kidogo, kisha akahuzunika. Hili lilikuwa jibu la nne la namna hiyo tangu asubuhi, na yote yalitoka kwenye nyumba zenye mabati yaliyotoboka, kwa watu wenye nyuso tulivu kama za mahakimu. Kiburi cha maskini, alijisemea, kitawaua. Katika mtaa mzima ni Parul Ghosh peke yake, mke wa mwenye duka la mchele, aliyelia hadharani kwamba mchele wake hautoshi na haujawahi kutosha tangu aolewe. Parul hukaanga bisi wakati wa sikukuu tu, lakini fomu haikuuliza hilo. Jasleen alikuwa amemwandika kwa wino wa buluu na kumshukuru kwa ukweli wake.

Kanuni ni kanuni. Alitoa kalamu nyekundu, akapiga mstari.

"Nyekundu," alisema Nibha akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Rangi ya heri. Mungu akupe mume mwema."

Jasleen alimaliza bisi zote, kwa kuwa kubakiza chakula cha mwenyeji ni utovu wa adabu, akasimama mlangoni.

"Haya mama, ninakuja," alisema, na akaondoka. Kwetu anayeondoka hasemi anakwenda. Ni nuksi. Hilo lilikuwa kwenye somo la pili, na Jasleen hakulisahau hata siku moja.

"Njoo, mwanangu," Nibha alimjibu mgongoni.

Chini ya kivuli cha duka la chai Jasleen aliituma orodha kwa simu. Dakika chache kabla ya saa sita ofisi ilijibu kwamba imepokelewa na imefungwa, na kwamba mkubwa amefurahi kuona mtaa huo unajiweza. Alikuwa anatafuta riksho alipomwona Parul Ghosh akija, akihema, na bakuli lililofunikwa kitambaa kiunoni.

"Dada Parul, kulikoni na jua lote hili?"

"Nakwenda kwa Nibha. Nampelekea mchele kidogo. Kesho watoto wa shule watakula nini?"

"Usijisumbue. Kwake umezidi, ameniambia mwenyewe."

"Hata mimi ameniambia." Parul alihamishia bakuli upande wa pili, akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto wa ugenini. "Sasa ulitaka aseme umekwisha, Lakshmi amsikie, ahame nyumba?"