Hatua ya Tano

Alikuwapo simba mzee, Shaibu, aliyeishi miaka mingi ndani ya kizimba cha sarakasi chenye urefu wa hatua nne tu. Alipookolewa na kupelekwa kwenye hifadhi atunzwe maisha yake yote, bado alitembea hatua nne na kugeuka, juani, ingawa kivuli kilikuwa mbele yake tu.

"Geuka, mzee, utagonga chuma!" Nyani alimcheka.

Bi Tunu, simba jike aliyetoka kizimba kama hicho, hakucheka. Alitembea naye hatua nne nne, siku nyingi. Siku moja Bi Tunu hakugeuka.

"Mwisho ni hapa, Bi Tunu," Shaibu alisema akisimama.

"Mguu unaniuma, ndugu yangu. Nisindikize mpaka kivulini."

Shaibu hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake. Akapiga hatua ya tano, na ya sita, mpaka wakafika.

"Mguu vipi, Bi Tunu?" Nyani aliuliza.

"Haujawahi kuuma," alijibu kwa sauti ndogo, maana Shaibu alikuwa amelala.