Kilo Mbili Zilizopungua

Fundi cherehani alikuwa ameshonea vipande kumi na viwili vya chuma kwenye pindo la gauni lake, na kila alipopanda ngazi vilimgonga miguuni. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Alipofika chumba cha vipimo pumzi zilikuwa zimemwishia, aibu ndiyo iliyobaki.

Sheria mpya ilikuwa imeilazimisha bima ilipie matibabu ya unene. Bima nayo ikaweka mpaka wake: kuanzia kilo mia na ishirini, si chini ya hapo. Daktari alikuwa ameshamwambia wazi kwamba bila upasuaji wa tumbo, moyo wake hautafika mbali. Mwaka mzima alijinyima apungue hata kilo moja, mwili ukagoma. Akapangiwa siku ya kupimwa na bima, na mawazo ya kuisubiri yakamkata kilo mbili. Jana mizani ya duka la dawa ilisoma mia na kumi na nane. Mwili ukiamua kukuaibisha, haukosi siku.

Nesi alikuwa ameketi mezani, mbele ya kioo kidogo cha kusomea namba za mizani. Pembeni mkaguzi wa bima alijifuta jasho. Wiki nzima alikuwa akizunguka hospitali kuhakikisha hakuna anayedanganya, na alikuwa amechoka mpaka macho.

"Mama, vua viatu," alisema. "Mkoba weka pale. Na hilo gauni, nesi akupe la hospitali."

"Nina baridi, baba."

"Wote huwa na baridi wakifika hapa."

Fundi alibadilisha nguo nyuma ya pazia. Gauni lilipotua kitini, vyuma viligonga mbao, kang! Nesi akaguna.

"Njia ya mwongo fupi, mama yangu."

"Najua, mwanangu. Ila ndiyo niliyokuwa nayo."

Mkaguzi aliinuka kwa tabu, akavuta mizani karibu na ukuta, akasimama nyuma yake.

"Panda. Tazama dirishani, usitazame chini. Mtu akiinama, namba inacheza."

Akapanda. Nje hapakuwa na cha kutazama ila paa la mabati na nguo zilizoanikwa. Machozi yalimlenga. Akawaza ngazi zile za kushuka, na jinsi atakavyowaeleza wanawe nyumbani.

Nesi alikikazia kioo macho, akakigonga kwa kidole.

"Mia na ishirini na nusu."

"Andika basi," mkaguzi alisema. Akarudi mezani, akatia sahihi bila kuketi. "Mwingine aingie."

Fundi aliteremka, akainama kuchukua viatu vyake. Juu ya mpira mweusi wa mizani nyayo zake mbili zilikuwa zimeacha unyevu wa jasho. Nyuma yazo, ukingoni, palikuwa na vumbi la ncha ya kiatu cha mwanaume.