Ekseli ya Tatu

Ekseli ya tatu ilipofungwa, Gashaw alikuwa ameshamtukana kila mtu katika karakana ile ya Kaliti, pembeni mwa Addis Ababa, isipokuwa mlinzi, na mlinzi alipona kwa sababu alikuwa amekwenda kanisani.

"Mafundi gani nyie? Mmevaa glavu nyeupe kama maharusi, na gari linatetemeka mbele ya macho yenu!"

Robel, fundi mkuu, alijifuta jasho. "Mzee wangu, tumebadilisha ekseli zote mbili, ya kulia mara mbili. Tumebadilisha mipira inayoshikilia mota. Magurudumu tumeyasawazisha. Jana nimeliendesha mwenyewe mpaka Adama na kurudi."

"Halafu?"

Robel alitazama viatu vyake. "Lilitetemeka. Kidogo," alisema, kama mtu anayetaka kwenda kula.

"Umesikia, Wubit?" Gashaw alimgeukia mkewe. "Mwehu nani sasa?"

Wubit alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba magotini. "Nimekaa kiti cha abiria mwezi mzima, sijahisi kitu. Wewe unalililia lori lako tu. Gari hili hata ungeletewa na malaika, ungelitafutia kosa."

Hapo alimgusa kidonda. Miaka thelathini na moja Gashaw aliendesha lori la mizigo kati ya Addis Ababa na Djibouti. Wazo la kuliuza lilikuwa la Wubit. Wakanunua gari hili la umeme kwa jina la wote wawili, na Jumatatu hoteli moja ya mtaa wa Bole ilimtarajia Gashaw aanze kubeba wageni wake.

"Lori lilikuwa linasema na mimi!" Gashaw alifoka. "Likiwaka, mkono unajua. Nati ikilegea pale Awash, mkono unajua kabla ya sikio. Hili bubu, hujui limeamka au limelala. Linachojua ni kutetemeka tu!"

Alitaka kunywa kahawa apoze koo. Nusu ya kikombe ikaishia kifuani, kwenye shati lake la pili siku hiyo. Akamlaani aliyekijaza.

Hasira yake ilikuwa na tarehe. Wauzaji walitoa siku thelathini: ndani yake gari lenye kasoro hubadilishwa, zikipita, kasoro ni yako wewe na wajukuu zako. Leo ilikuwa ya thelathini. Na kasoro haikuwa uzushi. Kampuni ilishakiri kwamba baadhi ya magari ya shehena iliyoleta gari lao yalikuja na ekseli mbovu. Wenye magari walikuwa na kundi lao kwenye simu, watu mia mbili wakipeana dawa: punguza upepo, kaza nati, mwaga ile grisi tia nyingine. Mmoja alishauri maji ya baraka. Gashaw alijaribu zote, hadi hayo ya baraka.

Ofisini kwa wauzaji, hapo hapo karakanani, meneja aliyeitwa Tirunesh alimsogezea fomu ya malalamiko. Gashaw aliisaini, akairusha mezani. Meneja akaitazama, kisha akautazama mkataba wa ununuzi.

"Mzee, hizi sahihi mbili hazifanani."

"Ile niliitia nikiwa na furaha!"

"Lazima zifanane. Rudia."

Alirudia. Ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, imepanda mlima ikashuka bondeni.

"Hii ndiyo kabisa," meneja alisema. "Nitashindwa kuipokea."

"Mnanichezea mpaka saa zenu za kazi ziishe! Nirudishieni lori langu, nitawatilia sahihi yenye maua!"

Hapo ndipo Wubit aliposimama. Alikuwa na hasira na mumewe tangu asubuhi, lakini hasira hiyo ilikuwa mali yake peke yake. Hakuna meneja wa kiti cha kuzunguka aliyeruhusiwa kuigusa.

"Dada," alisema, "gari hili ni langu pia." Akachukua kalamu, akasaini, akakisukuma kidole chake kwenye mkataba. "Linganisha. Inafanana? Haya. Mpe mume wangu gari jingine, na akome kuitwa tapeli ofisini kwako."

Robo saa baadaye walikuwa uani, mbele ya gari jipya, lililoshushwa jana kutoka shehena nyingine, viti bado vimevikwa plastiki. Robel alikwenda stoo. Gashaw hakusubiri mtu. Alifungua mlango, akaketi, akakanyaga breki, akaukamata usukani kwa mikono miwili.

Kisha uso wake ukaiva.

"Nalo linatetemeka!" alipiga kelele. "Wubit, nalo! Wametupa takataka nyingine!"

"Gashaw, hebu tulia."

"Nitulie? Usiniambie mambo ya kiti cha abiria. Njoo ushike! Shika hapa hapa nilipo mimi!"

Wubit alifyonya, akainama mlangoni, akaweka kiganja juu ya mkono wa mumewe. Alikuwa na jibu tayari mdomoni. Lakini safari hii aliuhisi: mtetemo mdogo, wa haraka, usiokoma.

"Kweli," alisema, sauti imemshuka. "Kweli linatetemeka. Nisamehe, mume wangu. Mwezi mzima nakuita mwongo."

"Nilikwambia mimi!" Gashaw alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule, kicheko cha ghadhabu. "Waite wote waje washike! Mwite na yule wa sahihi!"

Robel alitokea stoo mbio, anahema, anaichana kwa meno nailoni ya ufunguo wa gari jipya.

"Samahani wazee wangu, kabati la funguo lilikuwa limefungwa," alisema. "Haya, sasa tuliwashe."