Maelezo ya Mgonjwa

Daktari wa wanyama alimpanua mbwa mdomo, akachungulia mpaka magego ya mwisho. Meno yalikuwa meupe pe, hayana hata chembe ya ukoga.

"Nani kasema meno haya mabovu?"

"Mama watoto," alijibu mzee aliyemleta. "Mimi nimetumwa tu. Kaandika maelezo, haya hapa."

Daktari alivaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Daktari, nisaidie. Ananuka mdomo mpaka mbu wamehama chumba. Gego limeoza, anatafunia upande mmoja, lakini akisikia neno hospitali anajificha chooni.'"

"Umesingiziwa, mwanangu," mzee alimwambia mbwa, akimpapasa masikio.

"'Juzi nilimgusa shavu, akanifokea.'"

"Huyu? Huyu hata paka anamwonea."

"'Nimemhamishia sebuleni. Hatarudi chumbani mpaka jino ling'olewe.'"

Mzee alicheka. "Daktari, huyu mama sasa kazidi. Mbwa huyu tangu azaliwe analala nje, kibandani kwake. Sebuleni nalala mi..."

Mkono wake ulikuwa umeshapanda wenyewe mpaka kwenye shavu la kushoto, lililovimba kama andazi.

Daktari aligeuza karatasi. Nyuma palikuwa na maneno machache zaidi, na hayo aliyasoma polepole.

"'Kwa daktari wa watu hakanyagi, ila kwako hatashtuka. Mbwa anamsindikiza tu.'"

Mbwa aliruka kutoka mezani, akaenda kujilaza mlangoni.